Chatiboti Inakosea Sayansi, au Mtihani Wako Ndio Mbovu? Dalili, Visababishi na Marekebisho

Malalamiko kuhusu chatiboti za akili mnemba na maswali ya sayansi huja kwa sura mbili. Mmoja anasema mashine imemwaibisha mbele ya wanafunzi. Mwingine anasema imepata kila swali alilolitupa, na sasa haoni haja ya kitabu. Waombe wote wawili wakuonyeshe walivyoipima, na mara nyingi utakuta kipimo chenyewe kimepinda: swali lina utata, jibu sahihi halikuandikwa popote, au maswali yote yaliulizwa ndani ya soga moja ndefu. Ndiyo maana hapa tunakagua mtihani kwanza, mtahiniwa baadaye.

Kabla ya kufuata dalili yoyote hapa chini, hakikisha mambo manne. Andika jibu sahihi na chanzo chake kabla hujauliza. Fungua soga mpya kwa kila swali. Nakili jina la modeli (programu yenyewe inayotoa majibu ndani ya chatiboti), tarehe, na kama utafutaji wa intaneti umewashwa. Hifadhi jibu zima. Mstari mmoja uliokuchekesha hautoshi. Ukikosa haya manne hutajua hitilafu iko wapi, na mwenzako hataweza kurudia ulichofanya.

Dalili: Swali lile lile, majibu tofauti

Hii ndiyo inayoripotiwa sana. Asubuhi jibu moja, jioni jingine, na mwenzako kwenye simu yake kapata la tatu.

Anza na mazungumzo yaliyotangulia. Chatiboti husoma yaliyo juu kwenye soga kabla ya kujibu. Kama mlikuwa mnazungumzia udongo wa mashamba ya chai, ukiuliza ghafla "asidi ipi ina nguvu zaidi?" jibu litaelemea kwenye udongo. Soga mpya huondoa tatizo hili papo hapo. Halafu ingia kwenye mipangilio: huduma nyingi zina kumbukumbu inayobeba mambo ya soga za nyuma, na zina sehemu ya maelekezo ya kudumu ambayo huenda uliijaza siku moja ukaisahau. Zima vyote wakati wa kupima.

Tatizo likibaki, ni bahati nasibu iliyojengwa ndani. Modeli ya lugha huchagua tokeni (neno au kipande cha neno) moja baada ya nyingine kwa uwezekano, na uchaguzi huo huachiwa nafasi ya kubahatisha kwa makusudi. Kwenye programu ya simu huna la kufanya zaidi ya kuuliza swali mara 5 katika soga 5 mpya na kuandika imepata ngapi. Swali lililopatwa 5 kwa 5 na lile lililopatwa 3 kwa 5 hayawezi kuwa na hadhi moja, hata kama mara ya kwanza yote yalipata vema. Wanaotumia API (njia ya watengeneza programu ya kuiita modeli moja kwa moja) wanaweza kushusha temperecha, yaani kiwango cha kubahatisha, hadi 0 kwa modeli zinazoruhusu. Tofauti hupungua, ila haziishi kabisa.

Kisababishi cha mwisho ni kwamba modeli imebadilishwa bila wewe kujua. Baadhi ya huduma za bure hukuhamishia kwenye modeli ndogo ukishamaliza kiwango chako cha siku. Ndiyo sababu ya kunakili jina la modeli kila mara.

Dalili: Rejea imekaa vizuri, makala yenyewe haipo

Rejea ya kutungwa haionekani kama uongo. Ina jina la jarida la kweli, ukoo wa mtafiti ambaye kweli yuko kwenye fani hiyo, mwaka unaoingia akilini, juzuu, kurasa, na DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala) inayoanza na 10 kama zote. Kila kipande kinaaminika. Kisichokuwepo ni muungano wake. Sababu ni ile ile ya juu: mashine inajua rejea *hufanana na nini*, na bila kutafuta intaneti haina pa kwenda kuhakiki.

Kagua kwa mpangilio huu, kwa kuwa hatua za mwanzo huchukua sekunde chache. Andika https://doi.org/ kwenye kivinjari, kisha bandika DOI baada yake. Ikigoma, tafuta kichwa cha makala, kikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwenye Crossref, PubMed au Google Scholar. Ikifunguka, usishangilie bado: linganisha kichwa na waandishi, maana DOI ya kweli inaweza kukupeleka kwenye makala ya mambo mengine kabisa. Mwisho, angalia kama makala imefutwa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, lakini maneno yake bado yamezagaa mtandaoni, na kilichozagaa mtandaoni ndicho modeli inachosomeshwa. Kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, sasa iko chini ya Crossref na ni bure kuitumia.

Wakubwa wameumia hapa pia. Novemba 2022 Meta ilitoa Galactica, modeli iliyosomeshwa makala za kisayansi, na jaribio la umma likaondolewa baada ya siku 3 kwa sababu ilikuwa inaandika uzushi kwa lugha ya kitaaluma. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga.

Marekebisho: washa utafutaji wa intaneti, kisha omba kiungo pamoja na sentensi yenyewe ya chanzo inayounga mkono dai. Usiulize "una uhakika makala hii ipo?" Itakujibu ndiyo.

Dalili: Chanzo kipo, lakini hakisemi hivyo

Hii ni mbaya kuliko iliyotangulia, kwa sababu mkaguzi mvivu huishia kuona kiungo kinafunguka. Mfano unaojulikana ni wa Februari 2023, pale tangazo la Bard, chatiboti ya Google, liliposema darubini ya James Webb ilipiga picha za kwanza kabisa za sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Picha ya kwanza ya namna hiyo ilipigwa mwaka 2004 na darubini ya VLT iliyoko Chile, ya sayari 2M1207b. Ukweli uliokuwepo ni kwamba mwaka 2022 Webb ilikuwa imepiga picha *yake* ya kwanza ya sayari ya nje. "Mara ya kwanza kwa Webb" ikageuka "mara ya kwanza kabisa". Thamani ya hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, ilishuka kwa takriban dola bilioni 100.

Kwa hiyo unaposahihisha, pigia mstari maneno madogo: wa kwanza, pekee, yote, husababisha, imethibitishwa. Chanzo kikisema "inahusiana na" na jibu likasema "husababisha", hilo ni kosa kamili, usilipe nusu alama. Visababishi, kwa mpangilio wa kawaida wake: modeli imefupisha kupita kiasi, imesoma muhtasari wa makala bila kuingia ndani, au imechanganya vyanzo viwili vinavyofanana.

Dalili: Maswali ya vitabuni inapata yote, ukibadilisha namba inaanguka

Hapa pepa limevuja. Maswali maarufu, pamoja na majibu yake, yamo kwenye maandishi iliyosomeshwa, kwa hiyo unapima kukariri. Huu ndio udhaifu unaowapoteza wapimaji wengi, nami ningependa kila mwalimu wa fizikia na kemia aujaribu mwenyewe.

Jaribio la haraka: uliza kilo 1 ya chuma na kilo 1 ya manyoya, kipi kizito? Halafu, katika soga mpya, uliza kilo 1 ya chuma na kilo 2 za manyoya. Modeli za mwanzo zilinaswa kwa wingi na swali la pili. Zilijibu "sawa" kwa sababu zilishazoea la kwanza. Mpya nyingi zinalipita, kwa hiyo panda ngazi.

Chukua asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa mol/L 1×10⁻⁸ kwenye nyuzi 25 na uliza pH yake (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi). Anayekariri kanuni ataandika 8, maana yake asidi imekuwa besi kwa kuongezewa maji. Jibu sahihi ni karibu 6.98, kwa kuwa maji yenyewe yanachangia ioni za hidrojeni na lazima yaingie kwenye mlinganyo. Swali hili limo kwenye vitabu vingi, kwa hiyo chatiboti nzuri italipata, pengine kwa kukumbuka. Sasa badilisha uwe 3×10⁻⁸. Jibu la harakaharaka ni 7.52, sahihi ni 6.94 hivi. Ikipata la kwanza kwa maelezo marefu na mazuri kisha ikakosa la pili, umeshajua yale maelezo yalitoka wapi.

Njia nyingine ni kuuliza vitu ambavyo havijaandikwa sana. Lava ya Ol Doinyo Lengai, volkeno ya kaskazini mwa Tanzania, ni ya natrokabonatiti, yaani imejaa kabonati za sodiamu badala ya silika. Hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, kisha hubadilika kuwa nyeupe inapokutana na unyevu. Lava ya kawaida ya basalti huzidi nyuzi 1,000. Mashine inayojibu kwa mazoea itaipa Lengai joto la volkeno za Hawaii bila hata kusitasita.

Ikiwa unategemea mitihani sanifu inayotajwa kwenye matangazo, kagua na wewe. MMLU, mtihani wa mwaka 2020 wenye masomo 57, ni wa kuchagua A hadi D, kwa hiyo anayepiga ramli anapata 25%. Watafiti walioupitia upya mwaka 2024 walikuta kwenye sehemu ya virolojia (elimu ya virusi) zaidi ya nusu ya maswali waliyoyachambua yana kasoro. Mtahiniwa anaweza kukosa alama kwa kuwa sahihi.

Dalili: Ukiibishia kidogo tu, inabadili jibu

Chatiboti hufinyangwa kwa maoni ya watu, na watu hupenda kukubaliwa. Kwa hiyo kisababishi cha kwanza ni wewe mwenyewe: swali lako limeonyesha jibu unalolitaka. "Si kweli kwamba...?" lifute, uliza wazi.

Kisha pima kwa makusudi. Ikishajibu sahihi, andika "Nadhani umekosea" bila sababu yoyote. Inayojua itaeleza tena na kusimama pale pale. Inayoomba radhi na kugeuka, weka alama ya kosa. Pia tega swali lenye msingi wa uongo: "Kwa nini sauti husafiri haraka zaidi katika ombwe?" Sauti haisafiri kabisa katika ombwe, na jibu linalostahili alama huanza kwa kusema hivyo. Likianza na "Kuna sababu tatu kuu", hapo huna haja ya kusoma zaidi.

Dalili: Jibu lilikuwa sahihi, zamani

Kisababishi karibu daima ni tarehe ya mwisho ya data za mafunzo. Iulize idadi ya miezi ya Zohali: mwaka 2019 ilikuwa 82, na Machi 2025 ikapanda hadi 274. Au uliza chanjo za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. RTS,S ilipitishwa Oktoba 2021 na R21 Oktoba 2023, na modeli ya zamani itakutajia moja. Washa utafutaji, uliza tena. Ikijirekebisha, tatizo limeisha. Isipojirekebisha, fungua kurasa ilizozisoma: mara nyingi ni habari ya zamani isiyo na tarehe.

Dalili: Maelezo sawa, hesabu mbovu

Pitia vipimo kwanza (gramu na miligramu, selsiasi na kelvini), kisha rudia hesabu kwa kikokotoo. Omba itumie zana ya kukokotoa au iandike msimbo, kama huduma hiyo ipo. Usikubali hatua zilizorukwa.

Dalili: Kwa Kiingereza inapata, kwa Kiswahili inakosa

Kabla ya kulaumu chochote, iambie ikurudishie swali kwa maneno yake bila kujibu. Jaribio hili moja linakata mzizi wa fitina. Kama imelielewa vibaya, kosa ni la lugha. Kama imelielewa sawasawa na bado ikakosa, kosa ni la sayansi, na utalikuta hata kwa Kiingereza ukiuliza mara kadhaa.

Sababu kuu ni uhaba wa maandishi. Tanzania sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maandishi ya Kiswahili kuhusu mambo ya juu ya shule ya msingi ni machache. Sababu ya pili ni maneno ya kila siku yenye kazi nyingi: "nguvu" kwenye swali lako yaweza kuwa kani, nishati au hata voltiji kwa fundi. Tiba yake ni rahisi. Taja kipimo: "kwa niutoni", "kwa juli", "kwa wati". Ya tatu ni saa. Ukiuliza dawa ya saa mbili usiku, hakikisha haijaelewa saa nane za usiku wa manane. Andika 20:00.

Ukimaliza hayo, uliza maswali 10 kwa lugha zote mbili, toa alama kando kando. Chatiboti yenye pengo kubwa usiwape wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu tu ilifaulu kwa Kiingereza.

Dalili: Inajiamini kwenye jambo ambalo wanasayansi bado wanabishana

Swali zuri kuliko yote hapa limetoka kwetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Je, ni kweli maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi?

Jibu baya la kwanza: ndiyo, ni sheria ya fizikia. Jibu baya la pili: hapana, ni hadithi. Jibu lenye alama kamili litasema kwamba wapo walioliona na wapo waliolikosa, kwamba Burridge na Linden mwaka 2016 walipima wasikute ushahidi wa maana, kwamba visababishi vilivyopendekezwa ni pamoja na uvukizi, gesi zilizoyeyuka, mizunguko ya maji na kupoa chini ya sifuri bila kuganda, na kwamba yote yanategemea unahesabu "kuganda" kuanzia wapi: kufika nyuzi 0, barafu ya kwanza, au barafu tupu.

Ukikuta uhakika wa kupitiliza, sababu ya kawaida ni swali lako kudai ndiyo au hapana. Liulize upya: "Ushahidi wa pande zote ni upi, na una uzito gani?" Ikiendelea kukata shauri peke yake, hapo ni udhaifu wake kweli. Uwe makini na upande wa pili pia. Kuna chatiboti zinazosema "wengine wanaamini" hata kuhusu umbo la dunia. Huo nao ni ukosefu wa usahihi.

Dalili: Wasahihishaji wawili, alama mbili

Andika mwongozo wa usahihishaji wenye pointi kabla ya kusoma majibu. Ficha jina la chatiboti. Kama unamtumia roboti kusahihisha roboti, fahamu kwamba wasahihishaji wa aina hiyo huelekea kupendelea majibu marefu na yale yanayofanana na ya kwao. Chukua sehemu yake usahihishe kwa mkono ulinganishe.

Na usitangaze bingwa kwa maswali 20. Aliyepata 16 kwa 20 ana 80%, lakini kiwango chake halisi chaweza kuwa popote kati ya 58% na 92% hivi. Kwa 80 kwa 100, nafasi hiyo hubana hadi kama 71% na 87%. Chatiboti mbili zilizopishana swali moja zimetoka sare.

Acha hapo, tafuta mtaalamu

Kuna maswali ambayo hupaswi kuyasahihisha wewe. GPQA, mtihani wa 2023 wenye maswali 448 ya biolojia, fizikia na kemia, uliwapa wataalamu wa fani husika alama za takriban 65%. Watu wasomi wa fani nyingine, wakiwa na intaneti mkononi, walipata 34%. Kama swali limefika ngazi hiyo nawe si wa fani, mtafute wa fani. Jibu lenye kusikika vizuri litakupita.

Dozi za dawa, hasa za watoto na wajawazito: msahihishaji ni mfamasia au daktari. Kuumwa na nyoka, uyoga wa kuliwa, sumu iliyomezwa: usipime jibu kwa kulijaribu, kama tukio limeshatokea, nenda hospitali mara moja na chatiboti ibaki nyumbani. Kemikali za usafi: jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, kwa hiyo jibu lolote linalopendekeza mchanganyiko halihakikiwi jikoni wala kwenye maabara ya shule bila mwalimu wa kemia na madirisha wazi. Umeme wa nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Ukitaka kupima kwa ajili ya zahanati au kuchapisha matokeo yanayohusu wagonjwa, simama kabla ya swali la kwanza. Tanzania kibali cha maadili hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mtakwimu aingie wakati wa kupanga, kwa sababu akija mwishoni atakachoweza ni kukueleza kwa nini data zako hazifai. Na taarifa za mgonjwa, hata ukifuta jina, usizibandike kwenye chatiboti ya umma: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na mwenye kuulizwa utakuwa wewe uliyebandika.